Ndama anaharisha, nani kakwambia umnyime maziwa?

SWALI: Mwangaluka dokta. Niko Misungwi, nina ndama wa wiki tano, anatoka na mama yake kuchunga kule mabondeni karibu na ziwa. Leo siku ya tatu anaharisha njano, mkia wote umegandiana. Jamaa wa dawa alikuja akamchoma OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), akasema nisimwachie anyonye siku mbili maana maziwa ndo yanamharisha. Sasa kusimama mpaka tumnyanyue. Nimpe dawa gani kali zaidi?

JIBU: Ndugu yangu, achana kwanza na dawa kali. Kama bado ananyonya kidole ukimtia mdomoni, mrudishe kwa mama yake leo hii hii, anyonye kidogo kidogo mara nyingi.

Hii ya kumnyima maziwa naikuta kila boma ninaloingia na imenichosha kweli. Ndama wa umri huo hana akiba ya kutosha ya mafuta mwilini, ukimkatia maziwa siku mbili unamuua kwa njaa huku kuhara kunamuua kwa kiu, halafu akifa mnasema ugonjwa ulikuwa mkali! Kinachoua kwenye kuhara ni maji na chumvi zinazotoka. Ndama wa kilo 40 akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake hizo ni lita 4, na hakuna sindano ya OTC inayorudisha lita 4.

Mpime hivi. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili uiachie. Ikirudi palepale sawa, ikibaki imesimama sekunde mbili tatu na macho yamezama ndani, maji yamepungua sana. Kama ananyonya, mpe ORS, hizi za pakiti za watu za famasi, pakiti moja lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Lita mbili asubuhi na lita mbili jioni, zipishane na maziwa kama masaa mawili, usichanganye ndoo moja, maziwa hayatagandika vizuri tumboni. Na tafadhali msimkorogee sukari ya chai na chumvi kama mnavyofanya kwa watoto, tumbo la ndama haliwezi kusaga sukari ile, inabaki utumboni inavuta maji na kuhara kunazidi. Ikikosekana ORS basi kuna glukosi ya unga, hiyo anaiweza, utie na chumvi kidogo.

Kama hanyonyi kidole na mdomo umepoa, hapo usimmiminie kitu chochote, anahitaji dripu ya mshipani, mwite daktari wa mifugo leo, isije ikawa kesho. Nimeona watu wanamkamata ndama aliyelegea, wanampinda shingo juu wanamtia chupa ya soda mpaka koo, dawa inaishia mapafuni, kuhara kunapona anakufa na nimonia.

Sasa hiyo OTC. Kuhara kwa ndama kunaweza kuwa virusi, bakteria, koksidia (vijidudu vya utumboni) au minyoo, na OTC haigusi virusi, haigusi koksidia, haigusi minyoo. Kwa wiki tano tena yuko malishoni, mimi ningeanza kuwaza koksidia na minyoo. Ukiona damu au makamasi kwenye kinyesi huku anajikamua, hiyo inaelekea koksidia na ina dawa zake. Minyoo mikubwa ya ndama inapitia kwenye maziwa ya mama wiki za mwanzo, labda ndo hapo maneno ya "maziwa yanamharisha" yanapopatia nguvu, lakini dawa ya hapo ni kumpa ndama dawa ya minyoo akifikisha wiki mbili tatu, siyo kumtoa kwenye chuchu. Mpime na joto pia. Kawaida ni 38.5 mpaka 39.5, likipita 40 na matezi chini ya sikio yamevimba usiseme ni kuhara tu, hiyo inaweza kuwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na inataka dawa nyingine kabisa.

Hawa jamaa wa pikipiki wenye begi la dawa, yaani! Hapimi joto, haangalii kinyesi, haulizi ndama ana umri gani, ila sindano anayo. Na sindano ile ile imetoka kuchoma ng'ombe wa jirani, kwa hiyo unalipia dawa na ndigana baridi, ugonjwa wa damu, unaletewa bure juu yake. Mwingine anafungua kapsuli za watu za rangi mbili anammwagia mdomoni, anaua bakteria wazuri wa tumbo na kuharisha kunaanza upya. Akija tena muulize anatibu ugonjwa gani. Akikujibu "hii inatibu yote" mwache aendelee na safari yake.

Kinyesi chukua kibichi, asubuhi, moja kwa moja toka kwenye njia ya haja kwa mkono wenye glovu, weka kwenye kikopo safi, peleka maabara ya TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo) hapo Mwanza siku hiyo hiyo. Kile kilichokauka kwenye mkia hakina kazi.