Mbweha wangu hamalizi hata pambano moja

SWALI: Nimeanza kucheza Tunic, gemu ya video ambamo unamwongoza mbweha. Michoro inavutia, lakini maandishi mengi hayasomeki na maadui wananimaliza upesi. Niache?

JIBU: Usiache mapema hivyo. Maandishi hayo si hitilafu; gemu hii, iliyotoka Machi 2022, iliundwa hivyo makusudi. Maelekezo yamo katika kurasa za kitabu cha mwongozo zilizotawanyika njiani. Kila ukiokota moja, ikague vizuri: ramani, michoro, hata yale yaliyoandikwa kwa kalamu pembezoni.

Kinachokuua huenda ni pumzi, yaani stamina ya mbweha wako. Kupiga hakuli pumzi. Kubingiria na kukinga kwa ngao ndiko kunakula. Pumzi ikikauka, pigo lilelile linaumiza zaidi. Wageni wengi hubingiria mfululizo, na hapo ndipo wanapoumbuka. Msubiri adui aanze kupiga, bingiria mara moja, mchape mara mbili, rudi nyuma.

Halafu fungua mkoba. Jino uliloliokota si pambo! Kwenye sanamu ya kuhifadhia mchezo, litoe sadaka pamoja na sarafu, na nguvu yako ya kushambulia itapanda. Ukitoa ua la mmea, uhai huongezeka. Ukipumzika hapo chupa za dawa hujaa, ila maadui nao hufufuka. Vipande 3 vya chupa hufanya chupa mpya.

Ukifa unapoteza sarafu kidogo tu. Gusa kivuli chako pale ulipoangukia uzirudishe. Ikishindikana kabisa, kwenye mipangilio kuna chaguo la kutokufa. Si aibu kulitumia, maana mafumbo yanabaki magumu vilevile.