Sabuni ya zeituni na huo mlenda wako wa bafuni

Mwanangu, marahaba, huku Tanga hatujambo, baba yako mguu umepoa saivi anaenda msikitini mwenyewe. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili ndo nikaelewa, unauliza kwanini sabuni yako ya zeituni tupu imeisha ndani ya wiki mbili ikabaki mlenda kwenye kisahani, wakati huko Bari kila mtu anaisifia kwa kudumu.

Mama, hujakosea kupika, umeiwahi tu kuitumia kabla haijakauka. Wiki 4 ni za sabuni ya nazi, ya zeituni mi naiacha miezi 6 na ikifika mwaka ndo tamu zaidi. Ikiwa changa inakunywa maji inavimba inateleza kama bamia. Chukua kipande kimoja kipime kila wiki uandike, utaona kinapungua kinapungua, siku kikigoma kushuka ndo maji yametoka. Changu kimoja kilianza gramu 120 kikaja kusimama 101, ukikigonga mezani kinalia ko! kama jiwe.

Afu maji uliweka mengi. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, gramu 128 kwa kilo ya mafuta iko sawa, inabakisha kama asilimia 5 ya mafuta hayajaliwa na ngozi haikauki, hiyo usiiguse. Ila maji gramu 380 ni mengi, shusha mpaka 200, na kabla ya kostiki koroga humo chumvi kijiko kimoja cha chai, inasaidia kukaza. Sasa maji yakiwa machache ndo kostiki inazidi ukali, kwahiyo vaa miwani na glovu, dirisha wazi, na kostiki ndo inamiminwa kwenye maji, ukimwaga maji juu ya kostiki yanakurukia usoni.

Na nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Mara yangu ya kwanza nilikorogea kwenye sufuria ya alumini, ile ya pilau ya bibi yako, ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, moshi, maji yakawa ya kijivu, nikaikimbiza uani huku nakohoa, kesho yake naiangalia chini imetoboka kama chujio. Bibi yako kaiulizia mwaka mzima mi namjibu ameazima jirani. Tumia stenlesi au plastiki ngumu.

Mafuta mazuri ya kwenye saladi usiyamalizie huko, mwanangu, hiyo ni israfu. Hapo Italia wanauza ya makapi wanaita sansa, bei chini na yanawahi kuwa mazito kama uji ukipiga na blenda ya mkono. Ukitaka mapovu zaidi toa gramu 200 za zeituni uweke nazi 200, hapo kostiki ipande iwe 136. Mi binafsi siipendi hiyo, zeituni tupu haina mapovu ya kujionyesha ila ngozi yako ya ukurutu inaijua.

Kile kisahani chako kisicho na matundu kitupe. Sabuni ikilala kwenye maji hata ya miaka mitatu itaisha.

Vipande vilivyobaki usivitupe, vipange juu ya kabati viachane, hewa ipite, visahau. Ukija Desemba niletee viwili nivipime mwenyewe.

Mama