Nisimamie vipi chuo cha marekebisho ili wahitimu wapate kazi kweli?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Tanzania. Nimekabidhiwa usimamizi wa chuo cha ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, na nina washauri watatu chini yangu. Kila mwaka ripoti yetu inaonyesha wahitimu wengi na vyerehani tulivyogawa, lakini nikipita mitaani nawakuta wahitimu hao wamekaa nyumbani. Nifuatilie nini hasa? Na mshauri ambaye takwimu zake ziko chini kuliko za wenzake, nimchukulie hatua?

JIBU: Marahaba. Tatizo umeshaliona mwenyewe: ripoti yenu inahesabu vyeti, na mtu hali cheti. Anza kwa kubadilisha kinachohesabiwa. Kule Marekani, ambako huduma za kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa ajira zinaendeshwa na majimbo kwa fedha nyingi za serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1973, mtu hahesabiwi amefanikiwa mpaka adumu kazini angalau siku 90. Aliyeomba huduma anatakiwa kujua ndani ya siku 60 kama anastahili, na akishakubaliwa, mpango wake wa ajira uwe tayari ndani ya siku 90. Bajeti zetu na zao hazifanani, najua. Lakini kumpigia mhitimu simu baada ya miezi mitatu na kuandika jibu lake kwenye jalada kunahitaji vocha tu.

Kisha vuta majalada ya waliomaliza mwaka jana. Usiwaachie washauri wakuchagulie. Soma kuanzia ukurasa wa tathmini, maana mambo mengi huharibikia hapo. Utakuta mstari mmoja: "Ulemavu wa mguu wa kulia. Apangiwe ushonaji." Nani aliuliza kama mguu huo utaweza kukanyaga cherehani kutwa nzima? Chuoni binti alishonea cherehani ya mota, siku ya mahafali akakabidhiwa ya kukanyaga, na kwao umeme haujafika. Cherehani anayo, kazi hana. Tathmini ya kweli ingeeleza anachoweza, anachopenda, kinachonunuliwa anakotoka, na kifaa saidizi anachohitaji. Hapo ingetosha kuandika kwamba apewe cherehani ya kuzungusha kwa mkono.

Kwenye ukurasa wa mpango, angalia sahihi. Nimeona mipango iliyosainiwa na mzazi na mshauri, mwenye maisha yake hayumo. Kama ni kiziwi, jalada lionyeshe nani alikuwa mkalimani wa lugha ya alama siku hiyo. Ikiwa ni mdogo wake wa darasa la tano, basi ushauri haukufanyika, warudie.

Ukurasa unaokosekana mara nyingi ni ule wa mwajiri au mtaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mshauri akienda na sheria peke yake atarudi na ahadi. Aende akiwa na mtu mmoja mkononi na kazi moja anayoifahamu, aitazame karakana kwa macho yake: kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Choo je? Kama hatari hutangazwa kwa king'ora, fundi kiziwi atawekewa taa? Mwajiri akiona maswali yamejibiwa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Kwa anayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, mbili ni za watu wenye ulemavu. Maombi yaandaliwe akiwa bado chuoni, mwalimu wake akiwa karibu kumsaidia kukokotoa bei ya vitambaa na uzi.

Sasa kuhusu mshauri wako: usimchukulie hatua kabla hujasoma majalada yake. Takwimu za wenzake zinaweza kuwa juu kwa sababu wanachukua vijana wenye ulemavu mdogo, ambao pengine wangepata kazi hata bila ninyi, na yeye anabaki na wasioona, wenye ulemavu wa akili, na wale ambao familia zimewakatia tamaa. Ukimkemea, mwakani naye atawakwepa, na hao hawatakuwa na mtu. Kule Marekani, jimbo likiishiwa uwezo wa kuhudumia wote wanaostahili, sheria inalitaka litangulize wenye ulemavu mkubwa zaidi. Kwa hiyo kwenye ripoti tenganisha matokeo kwa kiwango cha ulemavu, kisha kila wiki kaeni ninyi wanne mezani na jalada moja gumu. Anza na la kwake, na muulize anahitaji nini kutoka kwako ili mtu huyo apate kazi.