Maswali ya wasomaji: DNA ya bogoya

SWALI: Ili kutoa DNA (molekuli inayobeba urithi), tuliponda bogoya, yaani ndizi tamu, darasani, tukatia maji, chumvi na sabuni, tukachuja, kisha tukamimina waragi, pombe kali ya Uganda, juu yake. Tulipata ukungu tu. Darasa la pili walitumia spiriti wakapata nyuzi nyeupe, ila kwenye hadubini hawakuona ile ngazi iliyosokotwa, yaani umbo la DNA. Tatizo ni nini?
Mwalimu wa sayansi, Jinja

JIBU: Mwalimu, waragi ndiyo iliyowaangusha. Ina kilevi cha asilimia 40 hivi. Hata ukimimina mara mbili ya juisi, mchanganyiko haufiki asilimia 27, na DNA hutaka zaidi ya 60 ndipo ijitenge. Kila uzi wake una uti wa sukari na fosfati, na fosfati zina chaji hasi: nyuzi zinasukumana, maji yanazikumbatia. Sodiamu ya chumvi hutuliza chaji hiyo, kilevi kikali huyafukuza maji, nyuzi zikakamatana.

Rudieni hivi: nusu ya bogoya iliyoiva sana, maji mililita 100, chumvi nusu kijiko cha chai, sabuni ya vyombo vijiko viwili. Korogeni taratibu, maana fujo hukatakata nyuzi. Baada ya dakika 10 chujeni, inamisheni glasi, mteremshie ukutani spiriti ya asilimia 90 au zaidi iliyolala kwenye friza, mara mbili ya juisi. Msitikise. (Na sigiri iwe mbali!) Kwenye mpaka wa tabaka mbili utapanda utando kama kamasi, umeshika viputo, uzungusheni kwenye kijiti. Si DNA tupu, una pektini na protini pia.

Ngazi hamtaiona. Upana wake ni nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na hadubini ya mwanga huishia kwenye 200 hivi. Mlichokishika ni mamilioni ya molekuli zilizojiviringa pamoja. Umbo lenyewe lilitambuliwa mwaka 1953 kwa msaada wa picha za eksirei za mwanasayansi Rosalind Franklin.

SWALI: Kati ya besi nne za DNA, yaani herufi zake, adenini ikiwa asilimia 30, sitosini ni ngapi?
Mwanafunzi, Mbale

JIBU: 20. Adenini hushikana na thaimini, kwa hiyo nayo ni 30. 40 zinazobaki zinagawanwa sawasawa na guanini na sitosini, ambazo nazo hushikana. Ila soma swali vizuri: likitaja DNA ya uzi mmoja, kama ya kirusi kinachodumaza migomba na kusonganisha majani kileleni, hesabu hiyo haifanyi kazi.