Maswali ya Wasafiri: Miji ya Vilimani ya Italia kwa Gari la Kukodi

Barua nyingi tulizopokea zinahusu Toscana na Umbria, mikoa ya katikati ya Italia ambako miji ya kale imejengwa juu ya vilima na kuzungushiwa kuta. Tumechagua tano.

*Mimi na mume wangu tuna siku tisa mwezi wa Mei. Tumeorodhesha Orvieto, Pienza, Montepulciano, Siena, San Gimignano, Volterra, Perugia na Assisi, kila usiku tulale mji mwingine. Yawezekana? – Msomaji, Mbarara*

Kufika mtafika kote, lakini hamtaona kitu. Kutoka Pienza hadi Montepulciano ni kama kilomita 15 tu, ila kuhama hoteli hula nusu siku: kufunga mizigo, kutafuta maegesho, kuburuta masanduku juu ya mawe hadi ndani ya lango, kisha kusubiri chumba ambacho mara nyingi hakiwi tayari kabla ya saa nane mchana.

Futeni San Gimignano na Volterra. Ni miji mizuri, lakini iko upande wa kaskazini-magharibi na itawavuta mbali na mingine yote. Usiku wa kwanza laleni karibu na Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma. Entebbe hadi Roma hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtabadilisha Addis Ababa, Istanbul au Doha, na mtu aliyekesha angani hafai kushika usukani upande asiouzoea. Asubuhi yake shikeni barabara kuu ya A1 kuelekea kaskazini, mtokee Orvieto, mwache gari chini karibu na stesheni ya treni, mpande mjini kwa gari la kamba. Jioni fikeni Pienza mkae usiku nne. Hapo Montepulciano na Montalcino ni jirani, na Siena ni mwendo wa saa moja hivi. Usiku tatu za mwisho ziwe karibu na Assisi, mkiitembelea Perugia kutoka huko.

Tafuteni nyumba za wageni za mashambani, zinazoitwa agriturismo. Ziko nje ya kuta, gari linaegeshwa mlangoni, na chakula mara nyingi hutoka shambani hapohapo. Kwa barabara za vilimani hesabuni kilomita 40 hadi 50 kwa saa, hata kama ramani inaahidi zaidi. Mikahawa mingi hufunga jiko kama saa nane na nusu mchana na kulifungua tena saa moja na nusu jioni. Saa hizo za katikati ndizo za kuendesha.

*Pamiti yangu ya Uganda inatosha kukodi gari? Na kadi ya kawaida ya benki je? – Msomaji, Ntinda, Kampala*

Pamiti peke yake haitoshi. Sheria ya Italia inataka leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Kibali hicho hutolewa katika nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo kishughulikie ungali Kampala. Hakichukui nafasi ya pamiti. Beba vyote viwili, na majina yalingane na ya pasipoti na ya kadi.

Kuhusu kadi, ndugu yetu, hapa ndipo wengi hukwama kaunta. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na huzuia humo mamia ya euro, pengine zaidi ya elfu, kama dhamana. Kiwango chako kisipotosha unanyimwa gari, na ulicholipa awali huenda kisirudi. Kampuni chache hukubali kadi inayokata akaunti moja kwa moja, kwa sharti la kununua bima yao kamili. Soma sharti hilo kabla ya kulipa.

Magari mengi ya bei nafuu kule ni ya gia za mkono. Ukitaka otomatiki, iagize mapema na utegemee bei kubwa zaidi. Chukua gari dogo. Kuna malango ambayo gari kubwa hupita kwa kukunja vioo. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi matairi, vioo wala sehemu ya chini ya gari. Piga picha pande zote, rimu na kipimo cha mafuta kabla hujaondoka.

Viza ni ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari.

*Shemeji yetu aliporudi Jinja alikatwa pesa kwenye kadi, na miezi kadhaa baadaye zikaja faini tatu za mji mmoja. Hakuzidisha mwendo wala hakuvuka taa nyekundu. Ilikuwaje? – Msomaji, Jinja*

Karibu kwa hakika aliingia eneo la ZTL, yaani sehemu ya mji wa kale ambamo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi saa fulani au siku nzima. Hakuna kizuizi wala askari. Kuna kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, saa zimeandikwa chini yake, na kamera inayosoma namba ya gari. Pengine kuna maandishi ya taa: "varco attivo" maana yake kamera inafanya kazi, usiingie; "varco non attivo" ndiyo ruhusa. Wageni wengi huyasoma kinyume.

Faini zikawa tatu kwa sababu kila kupita mbele ya kamera huweza kuhesabiwa peke yake. Dereva akipotea, akatoka lango moja na kuingia lingine, anaweza kulipa mara mbili. Kila faini huzidi euro 80. Ile pesa ya kwanza iliyokatwa haikuwa faini: ni ada ya kampuni ya magari kwa kuipa manispaa jina lake. Faini yenyewe inaweza kumfuata mkazi wa nje hadi siku 360 baadaye. Ikilipwa ndani ya siku 5 tangu ipokelewe, hupunguzwa asilimia 30.

Kinga yake ni hii. Kwenye simu usiandike jina la mji wala la hoteli. Andika jina la maegesho yaliyo nje ya kuta. Programu za ramani haziheshimu mipaka hii kila mara. Kama hoteli iko ndani, iulize kwa maandishi kabla hujafika kama inaweza kusajili namba ya gari lako, na uhifadhi jibu. Katika maegesho, mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe kwa kawaida ni bure lakini soma kibao, ya njano ni ya watu maalumu, usiiguse.

*Naogopa kuendesha upande wa kulia. Kuna la kufanya? – Msomaji, Fort Portal*

Hatari haiko kwenye kona. Aliyezoea kupanda Kanaba kwenda Kisoro hatashangazwa na Umbria. Hatari iko unapotoka kituo cha mafuta au njia tupu asubuhi, mkono unapokupeleka kushoto wenyewe. Abiria akukumbushe kila mnapoanza safari. Kwenye raundabauti zunguka kinyume cha saa, uwapishe walio ndani. Mteremko mrefu teremka kwa gia ndogo, breki zisichemke.

Mwisho wa mwendo ni 130 kwenye barabara kuu za kulipia, mvua ikinyesha 110, barabara za kawaida 90, mjini 50. Kwenye kulipia, epuka njia ya njano iliyoandikwa Telepass pekee, yaani ya magari yenye kifaa cha kulipa bila kusimama. Ukiingia kwa bahati mbaya usirudi nyuma kamwe. Bonyeza kitufe cha msaada na ufuate maelekezo. Petroli ni "benzina", dizeli ni "gasolio".

*Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, lakini Assisi ndiyo ndoto yake. – Binti yake, Masaka*

Mpeleke, dada. Anzeni Santa Maria degli Angeli, kanisa kubwa lililo chini kwenye tambarare, lenye kikanisa cha Porziuncola ndani yake. Hapo hakuna mlima. Mjini, egesheni Piazza Matteotti, juu kabisa, mtembee mkiteremka polepole hadi Basilika la Mtakatifu Fransisko, kisha mrudi kwenye gari kwa teksi. Mkipendelea kupanda bila kutembea, maegesho ya Mojano yana ngazi za umeme. Kaburi la mtakatifu liko chini ya kanisa la chini la Basilika hilo, na kulifikia ni kwa ngazi, kwa hiyo siku mnayopanda mjini lifanyeni jambo la kwanza asubuhi, mama angali na nguvu na umati haujafika.

Mabega na magoti yafunikwe kanisani. Gomesi linafaa kabisa, ila mawe ya njia huteleza yakilowa: avae viatu vya soli ya mpira.