Jibu: Nani aandike waraka wa majibu, na nani autunze?

Ndugu mleta mada ameuliza kama inafaa wanachama wajitolee kuandaa waraka mmoja wa majibu ya maswali yanayorudiwa kila wiki, badala ya kuwajibu wageni mmoja mmoja hadi watu wachoke. Kazi hiyo niliwahi kuifanya katikati ya miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi nchini Uingereza na mshiriki wa kundi mojawapo la Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano kwa kompyuta, chini ya tawi la soc.culture lililohusu tamaduni za watu mbalimbali.

Kwa vijana ambao hawakuikuta, Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na haikuwa na mwenyewe. Ujumbe ulirithishwa kutoka seva ya chuo kimoja hadi ya kingine, na kila seva ilifuta ujumbe wa zamani baada ya siku au wiki chache ili ipate nafasi. Hapo ndipo ulipotoka uhitaji wa waraka: jibu zuri la Januari lilikuwa limekwisha kupotea ifikapo Machi, na kila Septemba, vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walimiminika wakiuliza yale yale. Ilibidi mtu ayakusanye majibu na kuyatuma upya, mara nyingi kila mwezi.

Sehemu niliyokabidhiwa mimi ilihusu kutuma fedha na vifurushi nyumbani. Tuliandika kwa maandishi matupu, bila picha wala rangi, tukikata kila mstari kabla haujafika herufi 80 ili usivunjike kwenye skrini za maabara. Juu kabisa tuliweka jina la kuhifadhia, kipindi cha kutumwa na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Nyaraka zilizokubaliwa na wasimamizi wa news.answers, kundi la Usenet la kukusanya nyaraka za aina hiyo, zilihifadhiwa pia kwenye kompyuta ya chuo cha MIT, Marekani, iliyoitwa rtfm, na mtu aliweza kuziagiza hata kwa barua pepe. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam, kwani wengi wao wakati huo walikuwa na barua pepe tu.

Kuandika hakukutusumbua sana. Jioni chache zilitosha. Kilichotutoa jasho ni kuutunza, kwa sababu ada za benki hupanda, anwani hubadilika, na msomaji aliyepotoshwa na waraka hukasirika kuliko aliyekosa jibu kabisa. Ndiyo maana siafiki pendekezo lililotolewa kwenye mjadala huu kwamba kila mwanachama awe na ruhusa ya kuurekebisha wakati wowote. Waraka wetu ulikuwa na mshikaji mmoja, yaani mtu mmoja wa kuutunza, naye ndiye aliyepokea masahihisho na kuyapima. Wajuzi wawili walipobishana kuhusu ushuru wa vifurushi na hakuna aliyekubali kushindwa, aliyaweka maelezo yote mawili, kila moja likiwa na herufi za mwanzo za jina la mwenyewe, na ubishi ukaisha. Mwishoni aliorodhesha waliochangia, hata aliyeleta namba ya simu tu, na orodha hiyo (binadamu ni binadamu) ilivuta masahihisho mengi kuliko ombi lolote.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza mshikaji alipohitimu. Chuo kilifunga akaunti yake, lakini nakala za waraka ziliendelea kuzunguka zikiwa na anwani isiyopokea barua, na watu wakadhani wanapuuzwa. Aliyerithi kazi alilazimika kuomba upya kibali cha kila mchangiaji, kwa kuwa hapakuwa na mstari uliosema nani anaruhusiwa kunakili au kuendeleza maandishi hayo.

Kwa hiyo, kabla hatujagawana sehemu, naomba tukubaliane jina la mshikaji, jina la msaidizi atakayempokea, na sharti la kunakili litakaloandikwa juu ya ukurasa wa kwanza. Sehemu ya kutuma fedha niachieni mimi, ila wa kuupokea ujumbe wa wanaolalamikia viwango vya ubadilishaji awe mtu mwingine.