Barua kwa mwanangu: kroshia inayojifanya sindano mbili

Mwanangu,

Picha niliiona jana usiku, na swali lako nimelisoma mara mbili nisije nikajibu nisichoulizwa. Umeandika hivi: "Mama, nimejaribu ule mshono wa kroshia unaofanana na sweta iliyofumwa kwa sindano mbili. Mbona wangu umekakamaa, nikifika mzunguko wa nne kroshia haiingii tena, na hizo V zenyewe sizioni?" Hayo ni maswali matatu umeyabana katika pumzi moja. Ndivyo ulivyo tangu utotoni.

Nianze na hilo la kroshia, yaani ile sindano yenye ndoano, kukataa kuingia, maana ukilitatua, nusu ya mengine itajitatua yenyewe. Tatizo la mzunguko wa nne ulilitengeneza mzunguko wa tatu. Mishono yote uliyojifunza kwangu hupita kichwani, yaani chini ya zile nyuzi mbili za juu zinazolala kama mnyororo. Kichwa kina nafasi hata kwa mtu mwenye mkono mkavu, unaokaza uzi, kama wako. Mshono huu hauna haja na kichwa. Unapenya kwenye mwili wa mshono wa chini, katikati ya V, na mwili huo ukiwa umebanwa hakuna pa kupita. Kwa hiyo kila mshono unaoufuma leo lazima uuache wazi kwa ajili ya mwenzake atakayekuja juu yake.

Nimesema mkono mkavu, usinune. Nimeona kwenye picha jinsi uzi ulivyozungushwa mara mbili kwenye kidole cha shahada. Uzungushe mara moja tu. Kisha achana na ile kroshia. Kama lebo ya uzi inasema milimita 4, mshono huu uufume kwa 5.5 au hata 6. Utaona mzunguko wa kwanza umelegea kama wavu, na utataka kurudi kwenye kroshia ndogo. Usirudi. Mshono wa pili ukizama ndani ya wa kwanza, ile mianya hufunga.

La tatu katika hilohilo la kulegeza, na mimi ndilo ninaloliona kuwa kubwa: ukishapenya na kuudaka uzi, kitanzi unachokitoa usikiache chini kimeng'ang'ania. Kiinue mpaka kifike urefu wa kichwa cha mzunguko unaoufuma, na kikae kwenye shina nene la kroshia, siyo kwenye shingo yake nyembamba karibu na ndoano. Ndipo uzungushe uzi na kupitisha vitanzi vyote viwili. Kitanzi hicho ndicho kinachoamua urefu wa mshono. Mimi nilikuwa nakivuta nusunusu, na mkoba wangu wa kwanza wa mshono huu ukanipa maumivu ya kifundo cha mkono siku mbili nzima. Nikafumua mizunguko kumi na mmoja. Uzi ule nilikuja kuutumia kwa kazi nyingine kabisa. Hata kuutazama sikutaka.

Sasa hizo V usizoziona. Chukua kipande chako ukitazame kwa mbele. Mshono mfupi wa kawaida, ule wa kutoa kitanzi kisha kuzungusha uzi na kupitisha vitanzi viwili, una nyuzi mbili zinazotoka sehemu moja chini na kutanuka kwenda juu. Hiyo ndiyo V, nayo ipo hata kwenye vitu vyako vya zamani, ila hukuwahi kuwa na sababu ya kuitazama. Penyeza kroshia katikati yake, halafu kabla hujadaka uzi, geuza kazi utazame nyuma. Nyuma ya kila mshono pana uzi mmoja uliolala kama kizingiti. Ncha ya kroshia itokeze chini ya kizingiti hicho. Ikitokeza mahali pengine, umepotea njia ungali mlangoni.

Wengi hupenya kati ya mshono mmoja na mwingine, kwenye upenyo ulio baina ya V mbili, kwa kuwa ndiko kroshia inakoingia kwa urahisi. Kitambaa kitatoka, tena kizuri tu, lakini V hazitapangana juu kwa juu kama kwenye sweta. Na kwenye picha yako, nikivuta karibu kona ya kushoto, naona kitu kingine: alama za X. Hizo hutokea pale kroshia inapoudaka uzi kwa kupita juu yake na kuuvuta kwa chini, badala ya uzi kuzungushwa juu ya kroshia. Ukiudaka hivyo, zile nyuzi mbili hupishana. Wanaofuma wanasesere hufanya hivyo makusudi, kwani X hukaza na kujaa vizuri. Wewe unataka V, basi zungusha uzi juu. Nadhani unafanya hivyo bila kujua kila unapochoka, kwa sababu mizunguko yako miwili ya mwanzo ni safi.

Uzi nao chunguza. Ule wa manyoya hufunika kila kitu, na mweusi utakutoa machozi. Jifunzie kwenye uzi laini, wa rangi nyepesi, uliosokotwa vizuri kiasi kwamba kroshia ikipita hauchanuki. Anza na vitanzi 30 vya mnyororo, uviunganishe duara, mzunguko wa kwanza ufume mshono mfupi wa kawaida kwenye mnyororo, maana hapo bado hakuna V ya kupenya. Kuanzia wa pili ndiyo unaingia katikati. Weka alama mwanzoni mwa mzunguko, hata kipande cha uzi wa rangi nyingine kinatosha, kwa sababu mshono huu hauhesabiki kirahisi ukishazama.

Ulisema pia unataka kuufuma kwa kwenda na kurudi, upate kitambaa bapa. Hapo nakukatisha tamaa kidogo. Ukigeuza kazi, upande unaokutazama ni ule wenye vizingiti, siyo wenye V. Utapata mstari mmoja wa V na mmoja wa mikunjo, na kile unachokitafuta kitapotea. Ama ukate uzi kila mwisho wa mstari na kuanza tena upande uleule, kazi inayoacha nyuzi za kuficha hadi uchoke, ama ufume kwa mzunguko tu. Mimi hufuma kwa mzunguko. Vikapu, mikoba, vifuko vya kuhifadhia vitu: hapo mshono huu hauna mpinzani, kwa sababu ni mnene na husimama wenyewe.

Na unene huo ndio unaonitia wasiwasi juu ya kofia uliyoniambia unaifuma. Kwa macho unafanana na ufumaji wa sindano mbili, lakini kwa tabia ni mtu mwingine. Kwenye sindano mbili, kila kitanzi kimevutwa kupitia kitanzi kingine na hakuna kilichofungwa; ndiyo maana sweta hunyumbulika, na ndiyo maana kitanzi kimoja kikidondoka hufumuka kuelekea chini kama ngazi. Kwenye kroshia kila mshono umefungwa kichwani kabla hujaendelea, na kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilicho kwenye kroshia yako. Kwa hiyo hakuna ngazi, lakini mnyumbuliko nao ni mdogo, na kwa mshono huu uliozamishwa ni mdogo zaidi. Ukiona mtu anafuma sweta nzima kwa mshono huu, mwonee huruma atakayeivaa.

Kofia basi igawe sehemu mbili. Ukingo unaoshika kichwa ufume pembeni, kwa mshono wa kuteleza: unapenya, unadaka uzi, unaupitisha moja kwa moja vitanzi vyote viwili. Anza mnyororo wa 9, ruka wa kwanza, ufume 8. Geuza, na safari hii penya ule uzi wa nyuma tu wa kichwa. Rudia hivyo mstari baada ya mstari, ukihesabu 8 kila mara, maana mshono wa mwisho hujificha pembeni na wengi humaliza wakiwa na 5. Legeza mkono hapa kuliko popote. Utapata mbavu zinazovutika na kurudi, na ukizisimamisha wima ni vigumu kuzitofautisha na ukingo wa sindano mbili. Urefu wake, bila kuvutwa, uwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 3 hivi. Unganisha ncha mbili, kisha okota mishono kwenye ukingo wake mmoja.

Idadi ya kuokota usiikisie. Fuma kwanza kipande cha majaribio, upime sentimita 10 uhesabu V zilizomo. Mimi kwa uzi mnene na kroshia ya 6 napata 14. Kichwa cha sentimita 56 kinataka 56 mara 1.4, yaani 78. Sehemu ya mwili haivutiki, kwa hiyo ipe kipimo kamili cha kichwa, usiipunguze hata kidogo. Na mizunguko itakuwa mingi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa kila mmoja unazama ndani ya mwenzake, usidhani umekosea. Ukikaribia utosini rudi kwenye mshono mfupi wa kawaida upunguze huko. Kupunguza katikati ya V hutoa uvimbe ambao sijawahi kuupenda.

Kama mapenzi yako ni sura ya sindano mbili iliyo bapa, kuna kroshia ya Tunisia, ile ndefu yenye kizuizi mwishoni. Unakwenda ukikusanya vitanzi vyote kwenye kroshia bila kuvimaliza, halafu unarudi ukivimaliza viwiliviwili, bila kugeuza kazi hata mara moja. Ukipenya katikati ya zile nyuzi mbili za wima, inatoka V inayodanganya hata mafundi. Ila hujikunja kama karatasi iliyolowa, na mistari michache ya mwanzo lazima uifume kwa mshono mwingine ili itulie. Hiyo tuiweke kwanza. Yangu ninayo, nitakupa utakapokuja.

Uliniuliza mwishoni, kwa utani nafikiri, kwa nini watu wahangaike kuigiza sindano mbili badala ya kununua sweta ya mashine. Mashine ya kufuma ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, mwanangu, na hadi leo kroshia halisi ingali kazi ya mkono. Jibu langu ni hilo tu, likufae au lisikufae.

Sasa fumua ulichonacho mpaka mzunguko wa pili, uanze upya na kroshia ya 6. Ukifika wa sita nitumie picha ya upande wa nyuma. Wa mbele nimeshauona. Na kipimo cha kichwa nitumie pia, kwani umeniambia unafuma kofia, hukuniambia ni ya nani, na kama ni kichwa cha sentimita 35 basi hesabu yote hiyo ya 78 haikuhusu na tuna mengine ya kuzungumza.

Mama yako